Barabara Zilizoelea Juu ya Kinamasi

Miongoni mwa kazi za kujenga barabara hapana iliyowachosha watu wa kale kuliko kuvusha njia penye tope. Mlima huzungukwa, msitu hufyekwa, na mto hujengewa daraja kwa kuwa kingo zake zinaonekana. Lakini kinamasi hakina ukingo wa kushika wala sakafu ya kukanyaga. Jiwe litupwalo ndani yake huzama, la pili hulifuata la kwanza, na kazi ya siku nzima ikamezwa kwa usiku mmoja. Msomaji aliyepita katika mbuga za Tanzania wakati wa masika, akaona udongo mweusi ulivyovimba na kuyashika magurudumu ya magari, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Mashauri yaliyotolewa juu ya jambo hili tangu zama za kale yalikuwa mawili. La kwanza lilisema kwamba tope lote liondolewe mpaka mwamba au udongo mgumu uonekane, kisha shimo lijazwe mawe. La pili lilisema kwamba tope liachwe mahali pake, na juu yake kitandikwe kitu kipana na chepesi, ili uzito wa msafiri utawanyike kama uzito wa mtu aliyelala juu ya kitanda cha kamba. Shauri la kwanza lina sura ya hekima, na la pili lina sura ya uvivu. Kwa sababu hiyo wenye vyeo waliokaa mbali na tope aghalabu walilipenda la kwanza, na waliolikanyaga wakalipenda la pili. Ugomvi wa mashauri haya mawili ulidumu maelfu ya miaka, na umegharimu fedha nyingi na maisha ya watu.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini shauri la pili laweza kuwa la kweli. Mboji ya kinamasi cha nchi za baridi, ambayo ni mimea iliyokufa bila kuoza yote, ina maji kiasi cha sehemu tisa katika kumi za uzito wake. Kitu kama hicho hakishindwi kubeba mzigo kwa ulaini wake tu. Hushindwa pale mzigo mkubwa unapobanwa mahali padogo, nacho kikasukumwa pembeni na kupanda juu. Kwato la ng'ombe huzama mahali ambapo ubao mpana, wenye kubeba uzito uo huo, usingezama. Tena kuna jambo la pili ambalo watu wa kale walilijua kwa kuona, ingawa hawakujua sababu yake. Mti uliozikwa ndani ya maji yasiyo na hewa hauozi upesi, kwa maana kuvu ziozeshazo miti haziishi pasipo hewa. Mti ule ule ukiwekwa mahali panapolowa leo na kukauka kesho huliwa katika miaka michache. Basi tope, ambalo ni adui wa barabara, ni mlinzi wa miti iliyoibeba barabara hiyo.

Ushahidi wa mambo haya ulipatikana mwaka 1970 katika nchi tambarare ya Somerset, magharibi ya Uingereza. Mfanyakazi wa machimbo ya mboji, Ray Sweet, alipokuwa akisafisha mtaro, aligonga ubao mgumu uliokuwa chini ya mboji. Wataalamu walichimba, na ikaonekana njia ya miti yenye urefu unaokaribia kilomita 2. Hesabu ya duara za miti ilionyesha baadaye kwamba miti yake ilikatwa katika majira ya baridi ya mwaka 3807 kuingia mwaka 3806 kabla ya Kristo, yaani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya piramidi kubwa za Misri. Wajenzi wake walilaza mti mrefu juu ya kinamasi, wakachomeka vigingi viwili viwili vyenye kupishana juu ya mti huo kama mkasi uliofunguliwa, kisha katika pacha ya vigingi wakaweka mbao za mwaloni zilizopasuliwa, moja baada ya nyingine. Ilikuwa njia ya watu wafuatanao mmoja mmoja, wala si ya magari. Ilitumika kwa muda wa miaka kama kumi tu, kisha maji na matete yakaifunika. Walakini katika ujenzi wake mdogo imo fikra yote ya shauri la pili: hapana kilichochimbuliwa, hapana kilichojazwa; mzigo uligawanywa kwa vigingi vingi na kinamasi kikaachwa kama kilivyokuwa.

Wako waliokuja baadaye wakaisahau sehemu moja ya fikra hiyo, nayo ni wepesi. Katika jimbo la Longford nchini Ireland, penye kinamasi cha Corlea, wavunaji wa mboji walifunua mwaka 1984 barabara kubwa ya mwaloni iliyojengwa mwaka 148 kabla ya Kristo. Profesa Barry Raftery aliichimba na kuieleza. Ilikuwa na mbao nene zenye urefu wa mita 3 na zaidi, zilizolazwa kwa kukingama juu ya miti miwili mirefu, na baadhi yake zilitobolewa matundu mwishoni zikapigiliwa vigingi. Miti mikubwa mamia ilikatwa, ikapasuliwa na kuburutwa hata hapo. Hapana shaka ilikuwa kazi ya mtawala mwenye nguvu, awezaye kuwakusanya watu wa nchi nzima na kuwalisha. Na barabara hiyo ilizama. Uzito wake wenyewe uliishusha ndani ya mboji katika muda usiozidi miaka kumi hivi, ikafunikwa, na kwa ajili hiyo ikahifadhika vizuri. Watazamaji wa leo huisifu kwa ukubwa wake, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini kwa kazi iliyokusudiwa, yaani kuvusha watu, ukubwa ndio uliokuwa maradhi yake.

Warumi husifiwa katika vitabu vyote kwa barabara za mawe, na msomaji angeweza kudhani kwamba kwao tope halikuwa taabu. Kweli si hivyo. Barabara ya Appia, iliyoanzishwa na Appius Claudius mwaka 312 kabla ya Kristo, ilipita katika mabwawa ya Pontino kusini ya Roma, na kwa muda mrefu wasafiri wengi waliona afadhali kuiacha barabara hapo na kupanda mashua katika mfereji uliokuwa kando yake. Mshairi Horatius alisafiri hivyo usiku mmoja mnamo mwaka 37 kabla ya Kristo, akalalamika juu ya mbu na vyura waliomnyima usingizi. Mwandishi wa ujenzi Vitruvius alishauri, kwa misingi ya majumba ya ibada, kwamba mahali pa kinamasi pachimbwe, papigiliwe nguzo za mwaloni au za mzeituni zilizobabuliwa kwa moto, zikaribiane sana, na nafasi zilizo kati yake zijazwe makaa. Ni shauri jema kwa jengo lililosimama mahali pamoja. Kwa barabara ya maili nyingi, ni nani atakayelipa?

Katika misitu ya Ujerumani Warumi walilazimika kufanya kama wenyeji. Huko walitandaza njia za magogo juu ya kinamasi, na mojawapo, iliyojengwa na Lucius Domitius, ilijulikana kwa jina la Madaraja Marefu. Mwaka 15 baada ya Kristo jemadari Caecina aliongoza majeshi yake kurudi kwa njia hiyo, akaikuta imechakaa. Ikampasa kutengeneza barabara na kupigana kwa wakati mmoja. Wajerumani wa Arminius, walioijua nchi yao, waliyaelekeza maji ya vilimani yashuke juu ya mahali pa kazi, hata yaliyotengenezwa yakaharibika na taabu ya askari ikawa maradufu. Majeshi hayo yaliokoka kwa shida. Tacitus aliyeisimulia habari hii hakuandika historia ya ujenzi; hata hivyo ametuachia ushahidi mzuri kwamba barabara ya kinamasi haishi kujengwa, na kwamba asiye na wasaa wa kuitengeneza amekwisha kuipoteza.

Mtu aliyelikata shauri hili kwa vitendo, mbele ya macho ya wapinzani wake, alikuwa kipofu. John Metcalf alizaliwa mwaka 1717 katika mji wa Knaresborough, Yorkshire, akapofuka kwa ndui alipokuwa na umri wa miaka sita. Alikuwa mpiga fidla, mwuza farasi, na mchukuzi wa mizigo. Yasemekana hata aliwaongoza wasafiri wenye macho usiku. Mwaka 1765 alipata kazi yake ya kwanza ya barabara za kulipia ushuru, na kabla ya kuacha kazi hiyo alikuwa amejenga barabara zenye jumla ya kilomita 290 hivi. Aliipima nchi kwa fimbo ndefu na kwa nyayo zake. Labda ndiyo sababu alilijua tope kuliko wapima wenye darubini: wao walilitazama, yeye alilisikia likitetemeka.

Kati ya Huddersfield na Manchester barabara ilipangwa kupita juu ya vinamasi vya mlimani. Mpima wa barabara aliweka mstari hapo, na wasimamizi wakamwagiza Metcalf achimbe mboji mpaka aikute sakafu ngumu. Metcalf akapiga hesabu. Handaki lingekuwa na kina cha futi 9 na upana wa yadi 14, maana yake, kwa vipimo vya leo, mita za ujazo 35 za tope kuchimbwa na kuchukuliwa kwa kila mita moja ya njia. Na baada ya gharama yote hiyo, alisema, barabara ingekuwa mfereji mpana tu: wakati wa mvua ungejaa maji, na wakati wa baridi ungejaa theluji. Alilieleza jambo hili mara nyingi, wasimamizi wasikubali. Ndipo alipotoa ahadi ambayo mkandarasi wa leo angefikiri mara mbili kabla ya kuitia sahihi: aachwe ajenge kwa njia yake mwenyewe, na ikishindikana, atajenga upya kwa njia ya mpima, kwa fedha zake.

Alikuwa amekubali kumaliza maili 9 kwa miezi kumi. Aliajiri watu wanaokaribia 400, wakafanya kazi mahali sita kwa wakati mmoja. Kwanza walichimba mitaro mirefu pande zote mbili na kutupa udongo kati, ili njia iwe na mgongo na maji yashuke. Kisha wakang'oa erika, kijiti kigumu chenye matawi membamba kijazacho nyanda za baridi, ambacho ni wa ukoo mmoja na vichaka vimeavyo juu ya mlima Kilimanjaro na Rwenzori. Walikifunga matita madogo ya mviringo, ya kushikika kwa mkono mmoja. Matita yalilazwa safu kwa safu, yamebanana, yakifuata urefu wa njia. Juu yake wakalaza mengine kwa kukingama. Wakayashindilia, kisha wakaleta mawe na changarawe kwa magari yenye magurudumu mapana. Metcalf aliwakataza watu wake kuieleza siri hiyo kwa wapitao. Wafanya biashara ya nguo waliopita kwenda sokoni Huddersfield walimcheka, wakasema kwamba iko siku yeye na watu wake watavutwa kutoka topeni kwa nywele za vichwa vyao.

Gari la kwanza lilipopakiwa mawe, watu walikusanyika kutazama farasi wakizama. Farasi hawakuzama. Walifika ng'ambo penye ardhi ngumu, na wale waliokuja kutazama maangamizi wakapiga kelele za shangwe. Kipande hicho cha barabara kikawa mojawapo ya vipande vikavu na vyema kuliko vyote, na kwa muda wa miaka inayokaribia kumi na miwili hakikuhitaji matengenezo ila kidogo sana.

Pengine yatakikana kuuliza, je, Metcalf alibuni au alirithi? Njia za matita ya vijiti zilikuwako Ulaya kabla yake kwa maelfu ya miaka, na hapana sababu ya kuamini kwamba wachungaji wa nyanda zile walikuwa hawajapata kutupa erika topeni ili kondoo wapite. Jambo lake yeye ni kwamba alikipandisha cheo kitu cha wachungaji kikawa kazi ya mkataba, chenye hesabu, mitaro na dhamana. Tena aliupanga vizuri uhusiano wa mitaro na matita. Erika pasipo mtaro ungelowa na kukauka, na mtaro pasipo erika ungelishusha tope bila kulikaza.

Miaka sitini hivi baadaye ugomvi ule ule ulirudi, mara hii mbele ya Bunge. George Stephenson alitaka kupitisha reli ya Liverpool na Manchester juu ya kinamasi cha Chat Moss, kwa urefu wa maili 4. Mwaka 1825 mhandisi Francis Giles aliwaambia wabunge kwamba hapana mhandisi mwenye akili timamu angepita hapo, akakadiria gharama ya pauni 270,000 kwa sehemu hiyo peke yake. Muswada ukakataliwa. Mwaka uliofuata ulikubaliwa, na kazi ikaanza. Siku ya kwanza mhandisi msaidizi John Dixon aliteleza kwenye ubao akazama mpaka magotini, akavutwa na vibarua. Stephenson alitandaza chanja za fito zilizosukwa pamoja na erika, mahali pabaya tabaka mbili, na juu yake changarawe na reli. Mitaro ilipojifunga yenyewe kwa tope, alichukua mapipa matupu, akayaunga kichwa kwa kichwa, akayazika yawe bomba la maji. Upande mmoja wa kinamasi ulimeza udongo kwa majuma mengi pasipo tuta kuonekana, hata wakurugenzi wakakutana papo hapo kufikiri kama kazi iachwe. Iliendelea. Gharama ya kinamasi ilikuwa pauni 28,000 hivi, reli ikafunguliwa tarehe 15 Septemba 1830, na magari ya moshi, kisha ya umeme, yamepita hapo tangu wakati huo.

Kuhusu John McAdam neno moja latosha, kwa kuwa jina lake limekwisha kuenea kupita kiasi. Yeye aliiambia kamati ya Bunge mwaka 1819 kwamba kwa barabara yake angependa kinamasi kuliko mwamba, mradi kinamasi hicho kiweze kubeba mtu atembeaye kwa miguu. Na mfano wake ulikuwa barabara ya Somerset, nchi ile ile ya mbao za miaka elfu nne kabla ya Kristo. Hakutaka hata matita. Kokoto ndogo, zenye uzito usiozidi aunsi 6, zikishikana vizuri juu ya ardhi iliyokaushwa, alizifananisha na ubao mmoja. Alikuwa mtu wa kutia chumvi, lakini kwa hili la kukausha ardhi kwanza alisema kweli.

Afrika Mashariki haikungoja habari hizi. Mapema mwaka 1862 John Speke, alipokuwa njiani kwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, alifika kwenye kinamasi cha Mwerango chenye upana wa yadi 300, akakuta theluthi mbili zake zimekwisha kujengewa njia ya kuvukia. Barabara za Buganda zilikuwa pana, nazo zilikwenda moja kwa moja kutoka makao ya Kabaka hata majimboni, zikapanda vilima na kushuka mabondeni bila kukwepa. Na kila bonde la nchi ile, kwa kadiri, lina mafunjo. Njia za kuvukia zilitandikwa mashina ya mafunjo, matete na magogo, na nafasi zikaachwa ili maji yapite, kwa sababu bwawa lililozibwa hupanda na kuifunika njia. Mafunjo ni mmea mwepesi mno, wenye hewa ndani ya shina. Ukiulaza safu juu ya safu hubeba watu kama mashua. Lakini hulowa na kuchoka. Njia ya namna hiyo ilitaka kutandikwa tena na tena, na hapo ndipo siasa ilipoingia katika ujenzi. Kila chifu alikuwa na wajibu wa kuitunza njia iliyotoka kwake kwenda kwa Kabaka, na chifu naye aliwatoa raia wake kuifanya kazi.

Kwa hivyo mtu aliyeijua hali ya kinamasi cha Buganda angeweza kuijua hali ya serikali yake: penye matete mapya pana chifu mwangalifu, na palipozama pana ugomvi, au vita, au uzembe. Waingereza walipokuja waliona utaratibu huo ukiwafaa. Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900 uliruhusu wenye mamlaka ya nchi kuchukua mfanyakazi mmoja kwa kila nyumba tatu kutengeneza barabara, kwa muda usiozidi mwezi mmoja kwa mwaka. Kilichokuwa wajibu kwa Kabaka kikawa kifungu cha sheria kilichotiwa sahihi na serikali ya kigeni. Mikono ilikuwa ile ile, na tope lile lile.

Ujuzi huu hupotea kwa urahisi, kwa kuwa wenye kuwa nao hawauandiki. Mwaka 1942 Marekani, ikiwa vitani na Japani, iliamuru barabara ya kilomita 2,400 ipasuliwe kupita Kanada hata Alaska, kuanzia mwezi wa Machi. Askari waliopelekwa walizidi 10,000, na kiasi cha theluthi moja walikuwa Wamarekani weusi, katika vikosi vilivyotengwa na vya weupe. Walikuwa na matingatinga, na tingatinga hupenda shauri la kwanza: kukwangua na kuondoa. Katika sehemu za kaskazini udongo wa chini ulikuwa umeganda kwa barafu ya tangu zamani, umefunikwa na zulia nene la mimea ya majimaji. Zulia lilipokwanguliwa, jua liliifikia barafu, barafu ikayeyuka, na palipokuwa pagumu asubuhi pakawa ziwa la tope jioni, likizimeza mashine zenyewe. Baada ya hasara nyingi waligeuza mpango. Zulia liliachwa, juu yake vikatandikwa vichaka na magogo yaliyolazwa kwa kukingama, na juu ya magogo changarawe.

Tarehe 25 Oktoba 1942, karibu na Beaver Creek, Koplo Refines Sims, mtu mweusi wa kikosi cha 97, aliyekuwa akija kutoka kaskazini, alikutana ana kwa ana na Alfred Jalufka, mtu mweupe wa kikosi cha 18, kila mmoja juu ya tingatinga lake, na njia ikaungana. Mwaka 1943 wakandarasi walipewa kazi ya kujenga upya sehemu nyingi zilizokuwa zimekwisha kuzama. Kipande cha Beaver Creek hakikutulia. Mwaka 2008 kilitengwa kuwa mahali pa majaribio, pakajengwa vibanda vya kuikinga kingo ya barabara na jua na theluji, na matuta ya mawe makubwa yapitishayo hewa ya baridi, ili ijulikane ni kipi kitakachoizuia barafu iliyo chini isiyeyuke.